UZI: Mgonjwa mmoja presha mbili, mkononi 78 pajani 104. Tulivyochanganyikiwa ICU baada ya mama kubadilishiwa valvu

FundiKoki
Wakuu habari za muda huu, na shikamooni kwa wanaostahili. Huu uzi niliuahidi siku nyingi nikawa naahirisha, leo mvua imenifungia ndani tangu asubuhi basi wacha niumwage wote.

Mi ni fundi bomba hapa Mwanza, kazi zangu nyingi ziko Mabatini, Igogo na Isamilo huko kwenye mawe, yaani kwa siku napanda ngazi kuliko mbuzi. Nalisema hilo mapema maana huko mbele litawasaidia kunielewa.

Mama yetu ana miaka 58, alikuwa na moyo wa rumatiki, ile ya kuumwa koo utotoni halafu miaka mingi baadae unaambiwa valvu imepata kovu imekaza. Ya kwake ilikuwa valvu ya mitrali, ile ya upande wa kushoto wa moyo, akawa akipanda kimlima kidogo tu anakaa chini anahema. Tukahangaika na rufaa, akafanyiwa oparesheni, akawekewa valvu ya chuma. Hospitali sitaitaja na wala sina lalamiko nao, nachotaka kusimulia ni usiku wa kwanza ICU.

Kuona mgonjwa mnaingia mmoja mmoja, unavalishwa gauni, unanawa, dakika chache unatoka. Kaka yangu mkubwa akaanza. Alivyotoka jasho linamtoka, anasema presha ya mama ni 78 kwa 50, mama anaondoka. Sasa huyu bwana hakusubiri hata mimi niingie, akaenda koridoni akatupia kwenye grupu la ukoo "hali ya mayu (mama) siyo nzuri, presha imeshuka sana, tuombe". Mnawajua watu wa kwetu. Ndani ya saa moja simu yangu ikawa haishikiki, mama mdogo yuko Sengerema anauliza pantoni ya mwisho ni saa ngapi, mjomba anauliza kama atoe ng'ombe.

Naingia mimi. Nakuta mama amelala, paipu kila mahali, na kwenye monita juu kuna mistari MIWILI myekundu, siyo mmoja. Wa juu umeandikwa namba zile zile za kaka, 78/50 na katikati ya mabano 59. Wa chini yake 104/56, kwenye mabano 72. Nikamuuliza nesi, dada hapa kuna wagonjwa wangapi? Akacheka. Akaniambia huu wa juu unatoka kwenye kifundo cha mkono, huu wa chini unatoka kwenye mshipa mkubwa wa pajani, huyu huyu mama yako, na sisi tunafuata wa chini.

Nikamwambia dada yangu mimi ni fundi bomba, usinifariji, niambie ukweli. Moyo ni pampu moja, damu ni hiyo hiyo moja, inakuwaje geji mbili zipishane 26?

Yule dada akaniuliza: huko kwenu milimani saa kumi na mbili jioni watu wote wakifungua maji, bomba la nyumba ya mwisho linatoaje? Aisee. Nikanyamaza kabisa.

Alivyonieleza ni hivi. Wakati wa oparesheni moyo wanausimamisha, damu inazungushwa na mashine na mwili wanaupoza, wakikaribia kumaliza wanaupasha joto tena. Mwili ukipata joto vile vimishipa vidogo vya kiganjani vinafunguka kwa pamoja, kama mtaa mzima wa chini umefungua koki. Damu inapita pale haraka na presha ya kwenye kifundo inadondoka, wakati kule kwenye bomba kuu karibu na pampu presha ipo vizuri tu. Ukiangalia geji ya kifundo peke yake utasema pampu imekufa.

Anasema chumba cha oparesheni walishaona hiyo tofauti, daktari wa usingizi anaona namba ya mkono iko chini, daktari wa upasuaji anashika mshipa mkuu kwa vidole anasema mbona huku inagonga vizuri. Ndo wakaweka na mpira wa kupimia presha pajani kuhakikisha.

Kilichoniogopesha ni sehemu iliyofuata. Anasema kama tungeamini ya mkono peke yake tungeongeza noradrenalini, dawa ya kubana mishipa, mpaka namba ya mkono ipendeze, kumbe huko ndani presha imeshapanda kupita kiasi, moyo umetoka kushonwa leo unasukuma kwenye ukuta, nyuzi zinavuja damu, vidole na utumbo vinakosa damu. Yaani unamtibu geji badala ya nyumba. Mimi hiyo kitu nimeifanya! Kuna nyumba Isamilo niliongeza pampu kubwa kwa ajili ya koki moja ya jikoni inayodonda, nikapasua maungio ya bafuni. Kumbe koki ilikuwa na mchanga.

Kitu kingine alichofanya nikiwa pale: alipandisha kitanda, halafu akakisogeza kale kadude kalikofungwa kwenye nguzo pembeni, wanakaita transdusa, ndiko kanakosoma presha, akakipima usawa wa katikati ya kwapa la mama kama mimi ninavyotumia pimamaji. Nikamwambia hiyo naijua! Geji ukiiweka chini ya tenki inasoma kubwa, ukiipandisha inasoma ndogo. Akasema sentimita 10 tu ni kama 7 au 8 kwenye presha. Nimepiga hesabu nikiwa koridoni: mita 10 za maji ni bar moja, na bar moja ni kama 750 za hizi milimita za zebaki, kwahiyo presha ya 120 ya mtu mzima mwenye afya ni sawa na tenki lililo juu ya koki mita 1 na sentimita 60 na kitu. Urefu wa mtu! Mi napigana na bar 6 kila siku halafu uhai wote unaendeshwa na tenki la juu ya kabati.

Nikatoka nje nikamwambia kaka futa ile meseji. Akasema keshasambaza hadi kanisani. Mama mdogo alifika asubuhi na kuku wawili, mama keshaamka anaomba uji. Na ile tofauti mpaka asubuhi ilikuwa imebaki 6 tu, mchana wakatoa mpira wa pajani.

Wataalamu wa humu karibuni mnirekebishe, na wenye mgonjwa ulizeni.

Kijana wa Igoma
Kuku wawili waliliwa na nani mkuu, maana mgonjwa wa valvu siku ya pili hali kuku

FundiKoki
Kaka aliyeanzisha taharuki ndo alikula, bila aibu.

Sindano72
Fundi umesimulia vizuri kuliko wanafunzi wangu. Mimi ni mtaalamu wa usingizi mstaafu, nimekaa kichwani kwa wagonjwa miaka mingi, sasa nipo Nyegezi nafuga samaki. Niruhusu nikurekebishe sehemu mbili tatu.

La kwanza, mshipa siyo paipu ya plastiki. Kwenye paipu zako presha inapungua kadiri unavyoenda mbali, sawa. Kwa binadamu mzima ambaye hajapasuliwa, namba ya JUU kwenye kifundo huwa kubwa kuliko ya kwenye mshipa mkuu wa moyoni, siyo ndogo. Watu wengi hawaamini. Mishipa inatanuka na kurudi, na kila pigo la moyo ni wimbi, wimbi likifika kwenye vimishipa vyembamba linagonga linarudi na kujipandia juu. Nenda kasimame Capri Point siku ya upepo, mawimbi katikati ya ziwa huko unayaona ya kawaida, yakifika kwenye mawe yanaruka mpaka yanakulowesha. Ziwa halijaongezeka maji. Ndo maana namba ya kwenye mabano, yaani ya wastani, inabaki karibu ile ile kokote unakopima, na ndo sisi tunaiangalia zaidi. Kwa mama yako hata ya wastani ilipishana, 59 kwa 72, hapo ndo unajua kuna jambo.

Kwahiyo baada ya ile mashine mambo yanageuka juu chini: mkono uliopaswa kusoma juu unasoma chini. Hili limeandikwa tangu 1985, watafiti Stern na wenzake waliuliza waziwazi kama presha ya kifundo ni ya kuaminika mara baada ya mgonjwa kutoka kwenye mashine. Kwa kawaida wanaosema tofauti ni kubwa wanachukua 25 kwa namba ya juu au 10 kwa wastani, mama yako alivuka zote mbili. Kwa wengi inaisha ndani ya saa moja hivi, kwa wengine inaingia nayo ICU kama ilivyokuwa kwenu. Nimeiona zaidi kwa watu wenye umbo dogo, wenye presha ya siku nyingi na waliokaa muda mrefu kwenye mashine.

La pili, sababu siyo moja. Maelezo ya mtaa wa chini kufungua koki ni ya kweli na kuna madaktari waliowahi kubana kifundo cha mgonjwa kwa mkono, yaani ni kama kufunga zile koki, wakaona namba inapanda. Lakini wapo wanaosema mshipa wenyewe wa mkono unajikunja, unabana, hasa akiwa na baridi au amepewa dawa nyingi za kubana. Bomba limeminywa, siyo koki kufunguliwa. Mimi nadhani wote wana haki yao, inategemea mgonjwa, na mara nyingine kwa mgonjwa huyo huyo inaanza moja inamalizia nyingine.

DagaaMchele
Samahani wakubwa mi sijaelewa. Kwahiyo mkiona namba mbaya mnahamia sehemu yenye namba nzuri? Hiyo si ndo mchezo wa mizani za Mwaloni, mteja anapima dagaa kwenye mizani tatu anachagua inayompendeza yeye

Sindano72
Hahaha swali zuri sana hilo, na ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama.

Hatuhamii tu. Kwanza unaitilia shaka mizani zote. Ule mpira wa kwenye kifundo ni mwembamba, katoto, kapovu kamoja ka hewa au kaganda kadogo ka damu kakikaa ndani mstari unalala, vilima vinakuwa mviringo, namba ya juu inashuka na ya chini inapanda zinakaribiana. Kwahiyo unaangalia umbo la mstari kwanza kabla ya namba. Unavuta kile kibanio cha kusafisha kwa maji ya chumvi, mstari uruke juu na kurudi kwa kutikisika kidogo. Ukirudi polepole kama mtu mvivu, paipu yako ina tatizo. Unaangalia mfuko wa maji umepampiwa mpaka 300. Unaangalia mkono umekunjwa au la. Unarudisha sifuri. Usawa, fundi keshasema.

Halafu unafunga mkanda wa kawaida wa kupimia presha juu ya kiwiko. Huo unasoma mshipa mkubwa zaidi ya wa kifundo na hauna gharama. Na mwisho unamwangalia mtu mwenyewe: miguu ya moto au ya baridi, mkojo unatoka? Mtu wa kilo 60 nategemea angalau mililita 30 kwa saa. Kama mkono unasema 78 na mkojo unatoka na miguu ina joto na mkanda unasema 100, basi mkono unanidanganya. Kama mkono unasema 78, pajani 80, mkojo hakuna, hapo hamna mizani ya kuchagua, mgonjwa ana shida na nakimbia.

Na kuna siku ya pajani ndo inadanganya, mzee mvuta sigara ambaye mishipa ya miguu imeziba. Kwahiyo siyo kwamba paja ni mfalme.

Kijana wa Igoma
Sasa kwanini msiweke ya pajani kwa kila mtu mkamaliza kelele

Sindano72
Kifundo ni rahisi, kiko wazi, kikivuja unakibana kwa kidole, na mkono una mishipa miwili inayoulisha hivyo hata mmoja ukileta shida kiganja kwa kawaida kinaishi. Kinena kina jasho, kiko karibu na uchafu, kikivuja kwa ndani damu inajificha kiunoni huioni mpaka mgonjwa amepauka. Na ukiwa nao huruhusiwi kukunja mguu, sasa mgonjwa wa moyo tunataka akae kitako kesho yake akohoe.

MamaNansio
Nashukuru kwa huu uzi, nimesoma wote nikiwa kwenye meli. Kwangu mimi mgonjwa ni mtoto wangu. Alizaliwa ana matatizo ya moyo, akilia anakuwa wa bluu midomo na kucha, akafanyiwa ile oparesheni ya kwanza ya kumuunganishia kampira kutoka mshipa wa kwenda mkono wa kulia mpaka mapafuni, ili akue kwanza ndo afanyiwe kubwa. Tulivyoruhusiwa tukaambiwa mkono wa kulia usipimwe presha. Nikiwa huku kisiwani kila nikienda zahanati wanashika mkono huo huo wa kulia, nikisema wanadhani najifanya najua. Siku moja wakasema presha iko chini sana mtoto alazwe. Nikawaambia pimeni kushoto na mguuni. Ikawa sawa. Sikujua sababu, leo ndo nimeanza kuelewa, yaani damu ya mkono ule inaibiwa njiani?

Sindano72
Mayu hongera, umemlinda mwanao. Ndiyo, sehemu ya damu iliyokuwa inaenda mkononi inachepushwa kwenda mapafuni kuchukua hewa, kwahiyo mkono wa upande huo unaweza kusoma chini. Oparesheni hiyo ya aina yake ya kwanza ilifanyika 1944 kule Baltimore Marekani, madaktari Blalock na Taussig, na fundi wa maabara Vivien Thomas aliyebuni namna ya kushona. Zamani walikuwa wanaukata kabisa mshipa wa mkono na kuugeuza, siku hizi wanaweka kampira. Andika kwa kalamu ya wino mzito kwenye jalada la kadi ya kliniki: USIPIME MKONO WA KULIA. Maandishi yanaheshimiwa kuliko mama, samahani lakini ndo ukweli wa kazini kwetu.

Na wazazi wengine wa humu ambao mtoto alitanuliwa mshipa mkuu uliobanwa kifuani, nyie ni kinyume, nyie mnatakiwa mpimiwe mkono NA mguu kila kliniki. Mguu ukisoma chini ya mkono wa kulia kwa 20 na zaidi, kuna uwezekano pale palipotanuliwa pameanza kubana tena.

FundiKoki
Wakuu mnanipa elimu ya bure. Kwetu nyumbani nako palikuwa na vituko. Kaka alinunua mashine ya kuvaa kifundoni kama saa, mama anapimwa mkono unaning'inia pembeni ya kiti inasema 160, anapimwa ameuweka juu ya mto kichwani inasema 110. Nikamwambia kaka wewe unapima urefu wa kiti. Tukaleta ya mkanda wa juu. Halafu mapigo ya mama hayana mpangilio, yalikuwa hivyo tangu valvu ya zamani, mashine mara ya kwanza 131 mara ya pili 114. Kliniki wakasema kwa mapigo ya hivyo upime mara tatu mpigie wastani, na mkono siyo juu ya sweta. Mayu anavaa sweta mbili, baridi ya Mwanza gani hiyo sijui.

Babu wa Kamanga
Wanangu habari zenu. Mimi nasoma tu huwa siandiki, mjukuu ananisaidia kuandika. Nilifanyiwa oparesheni ya mishipa ya moyo India mwaka 2017, walichukua mshipa wa ndani ya kifua upande wa kushoto wakaupandikiza kwenye moyo. Toka hapo napima presha mkono wa kushoto tu maana picha ya kwenye mashine inaonyesha mtu amevaa kushoto. Huwa ni nzuri, 118, 120. Hii miezi ya karibuni nikitwanga au nikivuta nyavu kwa mkono wa kushoto kifua kinabana kidogo, nikipumzika kinaachia. Nimesoma hapa nikamwambia mjukuu apime yote miwili.

Kulia 141. Kushoto 119.

Sindano72
Shikamoo mzee wangu. Naomba mjukuu apime tena, umekaa umeegemea, miguu chini, umepumzika dakika tano, mikono usawa wa moyo, mara tatu kila mkono, muandike zote.

Babu wa Kamanga
Marahaba. Kulia 140, 138, 141. Kushoto 119, 117, 120.

Sindano72
Mzee nisikilize vizuri. Mshipa uliopandikizwa kwenye moyo wako unaanzia kwenye mshipa mkubwa unaokwenda mkono wa kushoto. Kama ule mkubwa umeanza kubana, mkono wa kushoto unasoma chini, na mkono ukifanya kazi unaweza kunyonya damu iliyokuwa iende kwenye moyo. Sisemi ndiyo, mimi niko kwenye bwawa la samaki siwezi kukupima. Lakini tofauti ya 20 pamoja na hicho kifua kubana nyavuni haikai nyumbani. Pia kama kulia ndo ya kweli basi presha yako haikuwa nzuri muda wote huo. Kliniki yako lini?

Babu wa Kamanga
Tarehe 20 mwezi ujao.

Sindano72
Usiisubiri. Kesho asubuhi uende na hiyo karatasi na cheti cha India, uwaambie wapime mikono yote miwili mbele yako. Nyavu usiguse. Kifua kikibana usiku kisiachie ukipumzika, hapo hapo unaondoka, husubiri kupambazuke.

FundiKoki
Babu nipo mjini, mkishuka kwenye pantoni mnipigie nije na bajaji niwafikishe hospitali pale juu, nimekutumia namba kwenye ujumbe.

Babu wa Kamanga
Wabeja sana wanangu. Tunapanda ya kwanza asubuhi. Mjukuu anauliza aje na mashine yake au waachane nayo

Sindano72
Aje nayo. Wailinganishe na ya hospitali.